Gari Lililoombewa

Sheria ya Mirembe jikoni ilikuwa moja tu, na kila mwanamke aliyepata kufanya kazi chini yake aliijua kabla hajajua chumvi inakaa wapi: kasoro hutajwa kabla ya bei. Maharage yakishika chini ya sufuria, mteja aambiwe yana harufu ya moshi, ndipo aulizwe anataka sahani kubwa au ndogo. Samaki akiwa wa jana, aambiwe ni wa jana. Wengine waliondoka kwenda kula kwa jirani, na Mirembe aliwaacha waende.

"Mtu akila akijua, amekula," alimwambia Sanyu, msaidizi wake, siku Sanyu aliponung'unika kwamba wanafukuza wateja. "Akila hajui, nimemwibia, hata kama ameniambia asante."

Alikuwa Mganda wa Mukono, na kwa miaka tisa alikuwa amepika Sherikat, huko Sudani Kusini, ng'ambo ya mto, katika ua wa mabati karibu na mahali malori yanapopumzika baada ya safari ya kutoka mpaka wa Nimule. Alianza na sufuria mbili na madereva wenye njaa. Kisha karani mmoja wa mtaa wa Malakia, mjini upande wa pili wa daraja, alionja mchuzi wake wa karanga, akapeleka habari ofisini, na ofisi ikaagiza sahani ishirini. Mwaka uliofuata zikawa ofisi tatu na maduka kadhaa, wote wakitaka kula saa saba kamili. Chakula kilivushwa daraja kwa bodaboda, hotipoti zimefungwa kwa mpira nyuma ya dereva, na hakuna wiki iliyopita bila ndizi au mchuzi kumwagika njiani.

Ndipo akauza kiwanja chake cha Mukono, kile alichokuwa amemwekea binti yake Pearl, ili anunue gari.

Alinunua kwa Edrine, na alikuwa na sababu nzuri. Edrine alikuwa Mganda mwenzake na mzee wa kanisa lao pale Sherikat, mtu aliyesimama mbele kila Jumapili kusoma matangazo. Yadi yake ya magari ilikuwa upande wa kuelekea Bilpam, na waumini wengi walikuwa wamenunua kwake. Alimwonyesha gari jeupe la abiria, refu kidogo, lenye mlango wa kuteleza ubavuni na nafasi ya kutosha hotipoti thelathini.

"Nyabo, hii siyo gari ya kuzungushwa Kampala," alisema akilipigapiga bodi kwa kiganja. "Hii imetoka Japani moja kwa moja. Ona, nailoni bado iko kwenye viti. Na ona hii."

Akafungua mlango wa dereva. Pembeni, pale jicho linapotua mtu anapotaka kupanda, palikuwa na karatasi ya manjano iliyobandikwa imara, imejaa maandishi mekundu ya Kijapani.

"Hiyo ni hati yake ya kuzaliwa. Usije ukaibandua. Ukiibandua umeshusha bei, kwa sababu mtu wa kwanza atakayetaka kununua baadaye ataiuliza."

"Inasema nini?"

"Inasema imetoka Japani!" Edrine akacheka. "Ulitaka Kijapani kiseme nini kingine?"

Mirembe alicheka pia. Halafu akauliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa akingoja mteja amuulize. "Ssebo Edrine, gari hili lina ugonjwa wowote?"

Edrine alimtazama kama aliyeumizwa kidogo. "Mama Pearl. Mimi na wewe tunashiriki meza moja ya Bwana."

Mirembe alilichukua hilo kuwa jibu. Halikuwa jibu. Mtu mwenye jibu angesema ndiyo au hapana, na Edrine alikuwa na maneno hayo yote mawili kinywani mwake siku ile, akayameza. Akamletea karatasi ya mkataba ya ukurasa mmoja, iliyosema kwamba gari linauzwa kama lilivyo, na Mirembe akatia sahihi chini ya maneno hayo akidhani maana yake ni kwamba gari zima linauzwa likiwa zima.

Jumapili iliyofuata gari liliombewa. Ndivyo walivyofanya katika kanisa lile: anayepata chombo cha kazi, cherehani au pikipiki au gari, hukileta uani baada ya ibada ili kiwekwe mikononi mwa Mungu. Mchungaji alilizunguka mara tatu na chupa ya mafuta ya zeituni. Alipaka usukani, akapaka kila gurudumu. Edrine mwenyewe akamfungulia mlango wa dereva na kumwonyesha karatasi ya manjano, na mchungaji akachovya kidole, akaipaka nayo.

"Muhuri juu ya muhuri!" Edrine alisema, na watu wakapiga makofi na vigelegele.

Kesho yake Mirembe aliona mafuta yale yanaanza kushika vumbi. Akakata nailoni safi, akaifunika karatasi ile na kuibana kwa gundi pande zote nne, ili isiharibike.

Wiki ya tatu, saa sita na nusu mchana, jua limesimama utosini, gari lilizima katikati ya daraja. Halikukohoa wala kutetemeka. Injini ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatishwa usemi. Papo hapo usukani ukawa mzito na breki ikawa ngumu chini ya mguu wake. Nyuma yake lori la mchanga lilipiga honi hadi abiria wa pikipiki wakaziba masikio. Askari mmoja akaja akipunga mkono. "Ya mama! Arabiya de, toa hapa! Yalla, sukuma!" Wapita njia wakasukuma. Baada ya nusu saa liliwaka lenyewe, kwa utiifu wa kuudhi.

Fundi wake alikuwa Lokosang, kijana mwenye mikono mizuri na elimu ya kuangalia tu, ambaye karakana yake ilikuwa turubai na kreti mbili. Aliingia chini, akatoka.

"Mama, arabiya hii iko mzima. Iko na joto tu. Hata mimi saa hii ukiniambia nipande mlima, nitazima."

Alibadilisha chujio. Likazima tena. Akabadilisha plagi, na siku nyingine pampu ya mafuta, na bado likazima. Mwishowe akagundua kwamba akiweka kitambaa chenye maji baridi juu ya kisanduku cha kompyuta ya injini, gari linaamka mapema. Akasema basi ugonjwa upo humo. Akaleta kisanduku kingine, kilichotolewa kwenye gari la aina ileile lililopinduka barabara ya Nimule. Gari likapona siku kumi na moja, likarudia palepale. Akaleta cha tatu. Nacho kilikuwa ndugu wa wale wawili.

Kuanzia hapo Mirembe aliendesha na ndoo ya maji na vitambaa kando yake. Saa saba ikawa saa nane. Ofisi moja ikamwambia kwa upole kwamba wafanyakazi wao hawawezi kula wakati wa kufunga kazi, na baadaye ya pili ikaacha kuagiza.

Alirudi kwa Edrine. Alimkuta chini ya kivuli cha ofisi yake, akinywa soda.

"Sasa hilo ni jambo la kushangaza," Edrine alisema. "Gari lile limeombewa mbele ya watu wote, Mama Pearl. Ukianza kusema ni bovu, watu watauliza: je, maombi ndiyo hayakufika, au ni moyo wa mwenye gari?"

"Mimi nasema habari ya injini, ssebo, sisemi habari ya maombi."

"Ndiyo. Lakini watu watasikia nini?"

Watu walisikia kama alivyotaka wasikie. Wanawake wa kanisa walikuja uani kwa Mirembe kwa upendo wa kweli, wakafunga siku tatu wakiomba dhidi ya jicho la mtu. Mtu gani? Hawakumtaja, ila mmoja wao alitazama upande wa muuza chapati wa ua wa pili, na Mirembe, ambaye hakuwahi kumdhania mtu ubaya, akaanza kuhesabu ni mara ngapi yule mama hutazama gari lake. Wiki mbili nzima hakumwamkia. Hili nalo na liwekwe kichwani kwa aliyemuuzia. Mwizi wa kuku huchukua kuku akaenda zake. Huyu aliuza chuma kibovu, kisha akawaacha majirani wawili wachukiane kwa ajili yake, naye hakumwaga hata tone la jasho.

Mara iliyokuwa mbaya kuliko zote haikutokea darajani. Ilitokea Malakia, kwenye mteremko mdogo, hatua chache nyuma ya gari la maji lililokuwa limesimama. Injini ikanyamaza. Mirembe aliikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akiuvuta usukani kwa nguvu zote, na gari likaenda polepole, bila haraka yoyote, likagonga bamba la nyuma la lile tangi. Halikuwa pigo kubwa. Lakini hotipoti ya juu ilifunguka, na mchuzi wa karanga uliokuwa ukichemka dakika ishirini zilizopita ukammwagikia Sanyu, aliyekaa nyuma akizishika hotipoti, kwenye paja na mkono.

"Chakula, Mama Pearl!" Sanyu alipiga kelele. "Chakula!" Alikuwa bado hajajua kwamba ni yeye anayeungua.

Ghasia hiyo ilitokea mbele ya ofisi ya Kur. Kur alikuwa mteja wake wa siku nyingi, Msudani Kusini aliyekulia Eldoret na kurudi akiwa mtu mzima, mwenye kazi ya kushughulikia karatasi za mizigo inayopita mpakani. Ndiye aliyempakia Sanyu kwenye gari la kazi na kumpeleka hospitali. Aliporudi alimkuta Mirembe ameketi ukingoni mwa barabara, mlango wa dereva uko wazi, mikono yake imelegea mapajani.

"Mathe, pole. Watamtibu. Daktari amesema ngozi itarudi." Kisha jicho lake likatua pale kila jicho lilipotua. "Na hii stika umeivalisha koti la mvua kwa nini?"

"Ni hati yake ya kuzaliwa. Isiharibike."

Kur alitaka kucheka, akaacha. Akatoa simu, akaielekeza kwenye karatasi ile, akangoja simu itafsiri. Mirembe aliona uso wake ukibadilika.

"Nani alikuambia ni hati ya kuzaliwa?"

"Edrine. Aliyeniuzia."

Kur akamsomea taratibu. Karatasi ilisema kwamba gari hilo limeitwa lirudishwe kwa mtengenezaji. Kisanduku cha kompyuta ya injini kina kasoro ya kiwandani. Kikipata joto, injini inaweza kuzima gari likiwa barabarani. Kisanduku kitabadilishwa bila malipo. Mwenye gari asiendelee kulitumia mpaka kasoro hiyo irekebishwe.

Mirembe aliomba asomewe tena.

Kila asubuhi kwa miezi mitano alikuwa ameyapita maneno yale. Aliyeyabandika, huko mbali, aliyabandika mlangoni makusudi, ili mtu yeyote asiweze kupanda bila kuyaona. Naye aliyaona. Aliyafuta vumbi, na ni yeye aliyeyafunika kwa nailoni, baada ya mchungaji kuyapaka mafuta matakatifu mbele ya watu mia wanaopiga makofi. Katika watu wote hao hakuna aliyeweza kuyasoma, isipokuwa pengine mmoja.

Kur aliingiza namba ya chesisi katika tovuti ya watengenezaji. Ikatokea. Gari lilikuwa kwenye orodha tangu miaka minne iliyopita, na matengenezo hayakuwahi kufanyika. Akawaandikia barua. Siku tisa baadaye walijibu kwa adabu nyingi: gari hilo liliundwa kwa ajili ya soko la nyumbani kwao, hawana wakala nchini humo, mteja anashauriwa kuwasiliana na aliyemuuzia.

"Yaani wanajua," Mirembe alisema.

"Wanajua."

"Wanajua namba yake, wanajua ugonjwa wake, na dawa wanayo."

"Wanayo, Mathe. Hailetwi huku."

Akamweleza kwamba kuna nchi ambako gari likirudi gereji mara kadhaa kwa ugonjwa uleule, sheria inamlazimisha aliyeuza kulichukua au kurudisha hela, na mkataba wa kusema kama lilivyo haumwokoi.

"Huko wanaishi malaika?" Mirembe aliuliza.

"Wapi! Wezi tu kama hapa. Ndiyo maana wakaandika sheria."

Mirembe alikwenda kwenye yadi siku hiyohiyo, akiwa na tafsiri ya Kur iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Edrine aliisoma, akairudisha.

"Mimi pia sisomi Kijapani, nyabo. Tumedanganywa wote."

Karibu Mirembe amwamini. Ni tabia ya mtu mwema kumtafutia mwenzake njia ya kutokea. Lakini Edrine alikuwa ameegesha gari lake mwenyewe pale kivulini, gari la aina ileile, rangi ya fedha, ambalo mkewe alilitumia kupeleka watoto shule. Mlango wa dereva ulikuwa wazi upate hewa. Mirembe akaukaribia. Pembeni mwa mlango, mahali palepale, palikuwa na alama ya mraba: gundi kavu iliyoshika vumbi, kipimo kilekile cha ile karatasi ya manjano. Ilikuwa imebanduliwa.

"Hati ya kuzaliwa ya hii iko wapi?"

Edrine akaufunga mlango ule.

"Si ulisema ukiibandua umeshusha bei?"

Kijana aliyekuwa akipangusa magari aliacha kupangusa. Edrine akasema kwa sauti ya chini kwamba gari lile lilitengenezwa Nairobi, kwa mtu anayefahamiana naye, aliyepata kisanduku kipya kupitia Dubai, na kwamba hayo ni mambo ya familia yake.

"Na Sanyu ni familia ya nani?"

"Uliweka sahihi, Mama Pearl."

Huyo ndiye mzee wa kanisa. Alijua. Alijua kiasi cha kutosha kumponya mkewe na watoto wake, na akatumia ujuzi uleule kumuuzia dada yake katika imani. Asiyejua anaweza kusamehewa kabla hata hajaomba. Huyu alikuwa na dawa na sumu kwenye kabati moja, akachagua nani apewe ipi.

Mirembe alipeleka mkataba wake katika ofisi moja ya serikali. Afisa aliyempokea hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akasoma ukurasa mzima, akauliza kama sahihi ni yake. Aliposema ndiyo, akaukunja mkataba na kumrudishia. "Kama lilivyo, mama. Khalas. Hapa imekwisha." Alimshauri apatane na mwenzake nyumbani, kwa kuwa ni watu wa kanisa moja.

Na kweli, Edrine alikuja kupatana. Alikuja uani Ijumaa mchana, akaomba chai, akasifu mandazi. Sanyu alikuwa amelala chumba cha nyuma, mkono umefungwa bendeji, na Edrine akatuma salamu zake ndani bila kuinuka.

"Nimekupatia mteja," alisema. "Mwalimu mmoja, ana shule ndogo ya watoto. Analitaka gari haraka. Utapata karibu hela yako yote, Mama Pearl, mimi sichukui hata komisheni. Kiwanja cha Pearl unanunua tena. Wewe kesho njoo tu yadini utie sahihi. Mazungumzo niachie mimi."

"Na karatasi ya manjano?"

"Mwache aipende. Kila mtu anaipenda." Akainuka, akapangusa suruali. "Wewe uliinunua hivyo. Mimi niliinunua hivyo. Na yeye atapata wa kumuuzia. Ndivyo magari yanavyotembea hapa. Utakuwa wewe peke yako wa kusimamisha?"

Siwezi kusema Mirembe hakushawishika. Alishawishika tangu chai ile mpaka asubuhi. Kiwanja kile hakikuwa chake peke yake, kilikuwa cha Pearl, na Pearl alikuwa bado hajaambiwa kwamba kimeuzwa. Kumdhulumu mgeni ili usimdhulumu mwanao ni jambo linaloweza kuvaa sura ya wajibu wa mama, na hapo ndipo wengi waliomtangulia katika mnyororo ule walipoangukia. Jumamosi alilipeleka gari yadini mapema, kabla ya joto, akiwa bado hajui atasema nini.

Mwalimu aliitwa Apajok. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mrejea kutoka Nakuru, mwenye maneno ya haraka na daftari chini ya kwapa. Alilizunguka gari huku akisema.

"Si liko sawa kabisa! Viti saba, lakini tukiweka benchi ya kati, wale wadogo wanaingia kumi na wawili. Wengi wao wanatoka Sherikat, unajua. Sahii wanavuka daraja na miguu na malori yanapita hapa." Akaonyesha umbali wa kiganja kutoka begani mwake. Kisha akafungua mlango wa dereva. "Ala! Na stika yake bado iko! Hii ni ya Japan original, ama?"

"Moja kwa moja," Edrine alisema.

Apajok akaigusa ile nailoni kwa ncha ya kidole, kwa heshima. "Na mmeitunza vizuri. Basi tuongee bei."

Daraja. Watoto kumi na wawili kwenye benchi isiyo na mkanda, lori la mchanga nyuma, usukani mzito, breki ngumu. Mirembe alisikia sauti yake kabla hajaamua kusema.

"Kasoro kwanza, mwalimu."

"Mama Pearl," Edrine alisema.

"Gari hili huzima barabarani. Likipata joto linazima, na breki inakuwa kama jiwe. Limezima darajani mara tatu, na jikoni kwangu kuna mwanamke ameungua kwa ajili yake. Hiyo karatasi unayoigusa ndiyo inayosema hivyo. Inasema watu wasilipande." Akampa karatasi ya daftari yenye mwandiko wa Kur.

Apajok alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza hakumshukuru mtu. Uso wake ulikuwa umekasirika, na hasira yake ya kwanza ilimwendea Mirembe.

"Mbona hukunipigia simu jana? Nimefunga shule nusu siku! Nimekuja na ndugu yangu na pesa kwenye mfuko, mnataka kunicheza?"

"Jana nilikuwa bado sijaamua," Mirembe alisema.

Apajok alimtazama kwa muda, akamtazama na Edrine, kisha akaondoka bila kuaga, ndugu yake akimfuata.

"Umefurahi?" Edrine aliuliza. "Sasa umebaki na nini? Na chuma na kiburi. Ukiniona kesho kanisani usinisalimie."

"Sitakusalimia."

Aliliendesha gari mpaka nyumbani kabla jua halijapanda, na hiyo ikawa safari yake ya mwisho nalo. Lokosang alikuja na spana zake. Alimweleza kwamba likivunjwavunjwa kuna wateja wa matairi, viti, milango, taa, na wateja zaidi wa kile kisanduku, maana magari ya aina ile ni mengi mjini na yote yanazima.

"Hicho kitoe kwanza," Mirembe alisema.

Lokosang akakitoa, kisanduku chepesi cha rangi ya kijivu, si kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo. Mirembe alikiweka ndani ya kinu anachotwangia karanga, akachukua mchi.

"Mama, hii hata Kampala inauzwa! Mama, kwes kwes, taratibu, ngoja..."

Alikipiga mpaka vipande vikaruka hadi kwenye mlango wa choo. Kisha akavitafuta kimoja kimoja, akavitia shimoni. Alijua vingine vya aina ile bado vinazunguka mjini, kwa makumi, na kwamba Edrine ataagiza zaidi. Hakuweza kuvitwanga vyote. Hiki kilikuwa chake.

Kur alimwandikia maneno ya ile karatasi ya manjano kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, makubwa, kwenye kipande cha boksi, na Mirembe akakifunga ubavuni mwa mzoga wa gari, kikiangalia barabara, karatasi yenyewe ikiwa juu yake. Wenye magari ya aina ile walianza kusimama. Wengine walifungua milango yao wakaangalia, wakapauka. Mmoja alimtukana kwa kumharibia biashara. Wazee wa kanisa walikuja wawili kumwomba alitoe bango kwa ajili ya umoja wa waumini. Aliwauliza kama wamefungua milango ya magari yao kabla ya kuja. Mmoja aliinamisha kichwa. Wakaondoka, na bango likabaki; Mirembe naye hakurudi tena kanisani. Muuza chapati wa ua wa pili alipokuja kulisoma, Mirembe alimwamkia na kumwomba radhi, na yule mama akasema hakuwa hata amegundua kwamba amenuniwa.

Pearl aliambiwa kwa simu. Alilia, akauliza kwa nini mama yake hakumwacha yule mwalimu anunue tu. Mirembe alimwambia kuhusu benchi na watoto. Pearl akasema anaelewa, kwa sauti ya mtu ambaye bado haelewi, na hawajalizungumza tena.

Mirembe sasa anapeleka chakula kwa bodaboda kama zamani, kwa ofisi moja iliyobaki. Sanyu anaandaa sahani kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ule wa kulia haukunjuki sawasawa. Apajok anawavusha watoto kwa miguu, wameshikana mikono kwa mstari, na akipita mbele ya ua humwinulia Mirembe kiganja.

Gari lile, na kushika sheria ile ya jikoni, vilimgharimu Mirembe kiwanja cha Pearl, ofisi mbili za ng'ambo, na kiti alichokalia kanisani kwa miaka tisa. Edrine hakugharimika chochote.